Sisimizi wa Papa Aksanti

Goma, Keshero, tarehe 4 mwezi wa tano 2025

Aksanti mutoto wangu,

Nakushika mukono kupitia hii karatasi. Huku tuko. Nyumba iko, paa iko, mimi niko, papa wako iko na anakusalimia sana sana. Mama Fatouma wa jirani anakusalimia pia. Bwana yake Ridhwani ndiye anachukua hii barua kwenye boti, kwa hiyo ukiona imelowa usifikiri nililia. Ni ziwa.

Unisamehe maandishi. Unajua nilifika mwaka wa nne wa primeri tu, na mwalimu mwenyewe alikuwa anaumwa mara mingi. Tungekupigia simu, lakini kama masista wenu wamesema novisi hashiki simu mupaka siku ya nadhiri, basi, mimi nitafanya nini. Unakula? Kule juu ni baridi. Ile triko ya kijani unaivaa, ao waliikataza na yenyewe?

Sasa habari yenyewe. Usiogope. Papa wako wamemukuta na ugonjwa wa sukari.

Alianza kunywa mayi kama mutu anayezima moto. Usiku anaamuka, anaamuka tena. Na tangu mwaka huu uanze hakuna mutu anathubutu kufungua mulango usiku huku kwetu, kila nyumba iko na ndoo yake ya usiku. Ndoo yetu ikaanza kujaa. Asubuhi mimi ndiye namwanga nyuma ya jikoni, juu ya lile jiwe la volkano la bapa. Siku moja narudi kuchukua makala, nakuta sisimizi wamelifunika lile jiwe lote, wamepanga foleni kutoka kwa ukuta wa Mama Fatouma. Nikajua saa ile ile. Marehemu mama yangu kule Walungu alikuwa anapima watu hivyo, hakuwa na mashine. Nikamupeleka papa wako kwa santre ya afya, infirmier Darius akamutoboa kidole, na mashine yake ikasema kile sisimizi walikuwa wamesema.

Darius alimupa vidonge vyeupe, asubuhi na mangaribi, akamukataza sukari, fanta na kasiksi, ile pombe ya ndizi. Papa wako alimusikiliza vizuri, akamushukuru, tukafika nyumbani akasema yule ni mutoto.

Basi mimi nimeongeza mubirizi. Unakumbuka ule muti wa majani machungu nyuma ya jikoni? Nilikuja na kipande chake kutoka kwa mama yangu wakati tulihamia Goma, nikakipanda kwa udongo wa magunia, sababu hapa chini ni jiwe tupu, na sasa umepita paa. Nachemusha majani, nakamua, namupa. Anasema ni kama kulamba betri ya radio. Nikamuambia: sukari iko tamu, huu uko muchungu, uwaache wapigane. Na nimeweka sheria. Asubuhi nikikuta sisimizi kwa jiwe, anakunywa vikombe viwili. Kama hawakukuja, kimoja.

Uliza masista wenu kama ni vizuri. Kama si vizuri, uniambie polepole.

Juu ya nadhiri zako za mwezi wa kumi na mbili, papa wako bado hajasema kitu. Siku uliondoka alisema Mungu amemuchukulia binti mumoja aliyekuwa naye bila kuleta hata mbuzi ya mahari, na tangu siku ile hajaongeza neno. Lakini anakusalimia sana sana.

Mama yako,
Nabintu


Bukavu, Novisiati, tarehe 25 mwezi wa tano 2025

Mama mupenzi,

Barua ilifika imekauka, ila kona moja. Niko salama, ninakula, na triko ninaivaa ndani ya kanzu, hakuna anayeiona ila Mungu. Kabichi zetu zimeliwa na konokono. Mimi wamenipeleka kwa dispensari, ninamusaidia Sista Bulonza, ambaye ni muuguzi na hapendi kuongea.

Nilimusomea barua yako yote, pamoja na sisimizi. Akasikiliza mupaka mwisho, kisha akasema: "Mama yako anaangalia vitu." Kwake hiyo ni sifa kubwa. Halafu akasema mengine, nami ninakuandikia kama alivyosema.

Mubirizi watu wengi wanakunywa, na inawezekana unashusha sukari kidogo. Lakini unakwenda pamoja na vidonge, haukamati nafasi yao. Umuambie Darius kama Papa anaunywa, sababu viwili vikishusha pamoja sukari inaweza kuanguka kupita kiasi: atatetemeka, atatoa jasho, hapo umupe kitu kitamu haraka. Na sisimizi, Mama, wanajua tu kama sukari imetoka na mukojo. Hawajui kiasi gani kimebaki ndani ya damu. Kwa hiyo kila wiki aende kwa Darius atobolewe kidole.

Kitu cha mwisho: miguu yake. Ugonjwa huu unaanza kula miguu bila mwenyewe kusikia. Papa bado anavaa viatu vyake vya ofisi kila siku, kama vile bado anangojwa kwa kazi kule Himbi? Muombe avivue, uangalie chini ya miguu na katikati ya vidole.

Musalimie. Muambie kabichi zimeliwa, atafurahi.

Aksanti


Goma, Keshero, tarehe 22 mwezi wa sita 2025

Aksanti wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwa kiti chako, ule muguu mubovu ulirekebishwa. Kuku mwekundu alikufa. Kolera imeingia upande wa Mugunga, huku kwetu bado, lakini wale wa afya walipita wakatugawia javel, ile mayi kali ya kusafishia, kila nyumba bidon ndogo. Mama Fatouma aliosha nayo mupaka nguo za rangi na sasa hazina rangi. Papa wako anakusalimia sana sana.

Sasa ufurahi. Sisimizi wamekwisha.

Walianza kupunguka, halafu siku moja hakuna. Nilikaa kwa kibao mbele ya lile jiwe mupaka chai yangu ikapoa. Akatoka mumoja tu, akafika pembeni, akatikisa kichwa hivi, akarudi. Nikasema asante Bikira Maria na asante mama yangu.

Na si hiyo tu. Papa wako amebadilika tabia. Sasa ndiye anaamuka wa kwanza, anaosha ndoo ya usiku yeye mwenyewe, na javel, anakwenda kumwanga kwa jiwe, anairudisha inanuka kama ospitali. Papa wako, ambaye tangu siku ya ndoa yetu hakuosha hata kijiko. Mama Fatouma nilipomuambia alikuja kuchungulia kwa ukuta, akamuangalia mupaka akamaliza, akaniuliza: "Mama Aksanti, ulimupa majani gani? Na mimi nimupe wangu."

Vile sukari imekwisha, vidonge nimeviweka juu ya kabati. Sikuvitupa. Lakini hakuna maana ya kumuchosha mutu na dawa mbili wakati sisimizi wamekubali. Anakunywa kikombe kimoja cha mubirizi, na anakunywa akiwa mupole. Kwa Darius hataki kwenda, anasema mutu haendi kuonyesha ugonjwa ambao hana.

Miguu nilimuomba. Akaniuliza kama nimekuwa fundi wa viatu.

Umushukuru Sista Bulonza. Umuambie kama kuna mugonjwa wa sukari huko, nitatuma kipande cha mubirizi na Ridhwani, kinashika hata juu ya jiwe.

Mama yako,
Nabintu


Bukavu, Novisiati, tarehe 6 mwezi wa saba 2025

Mama,

Nakusalimia mbio, unisamehe. Leo hii teremusha vidonge kutoka juu ya kabati umupe Papa. Soma tena huu mustari mbele ya kuendelea.

Nilimusomea Sista Bulonza barua yako wakati anakunja bandeji. Nilipofika kwa habari ya ndoo akaacha kukunja. Akaniuliza: "Javel anaiweka wakati gani?" Nikasema sijui, barua haisemi. Akasema: "Hata ukimwanga gunia la sukari juu ya lile jiwe, ukitia javel, hakuna sisimizi atakanyaga pale."

Sisemi Papa alifanya kusudi. Wewe unamujua kunishinda. Muulize. Kisha umupeleke kwa Darius, hata kama atakuita mutoto na wewe. Na miguu, Mama. Miguu.

Aksanti


Goma, Keshero, tarehe 27 mwezi wa saba 2025

Aksanti wangu,

Hujanijibu. Nimesema labda mumeingia katika retreti ya sala, ao umegonjwa na wananificha. Ridhwani anasema boti hazitembei vizuri hizi siku. Haelezi sababu, na mimi siulizi. Naandika hivyo hivyo, hii barua itangoja kwa mufuko wake.

Hatuna shida. Vumbi tu, ni musimu wake. Papa wako anakusalimia sana sana.

Alijikata muguu. Asubuhi alitoka na sapatu kwenda kumwanga ile ndoo, akakanyaga jiwe la volkano pembeni, unajua linakata kama chupa. Yeye hakujua. Alirudi, akakaa, akafungua radio. Mimi ndiye niliona damu kwa sakafu ya simenti, nikaifuata kama mutu anayefuata mbuzi, ikanifikisha kwake. Ni muguu wa kushoto, chini ya vidole.

Kitu cha ajabu ni kwamba hakimuumi. Nabonyeza, nasema unasikia? Anasema: "Endelea." Nimefikiri ni mubirizi umeondoa maumivu. Lakini kidonda hakifungi. Nimekiosha na mayi ya chumvi, nimekifunga na kitambaa safi, yeye anavaa soksi juu, kisha kiatu chake cha ofisi juu ya soksi. Nikamuambia avae sapatu kwa siku hizi. Akasema miaka yote alikuwa klerki wa ofisi, hakuna mutu Himbi aliyewahi kuona vidole vyake, hataanza leo.

Amekonda kidogo. Mayi anakunywa tena, lakini ni vumbi. Kitabu cha sala anakishikia mbali, kama kinamunukia. Nimeangalia jiwe kila asubuhi: hakuna sisimizi hata mumoja. Kwa hiyo si sukari. Ningekuwa naona hata wawili ningeogopa.

Jana alipita karibu na picha yako ya komunyo kwa ukuta, akainyoosha. Labda ilikuwa imepinda.

Nijibu, hata mistari miwili.

Mama yako,
Nabintu


Goma, tarehe 24 mwezi wa nane 2025

Aksanti,

Barua yako ya mwezi wa saba ilifika. Ridhwani alinipa kwa mulango, nikaisoma nikiwa nimesimama. Ule mustari niliusoma tena kama ulivyosema. Kisha nikaingia ndani.

Papa wako alikuwa anapaka siraji kwa viatu. Nikamuuliza: "Papa Aksanti, javel ulikuwa unaiweka kwa ndoo ukiisha kumwanga mukojo, ao mbele ya kumwanga?"

Akasema: "Mbele."

"Sababu gani?"

"Sababu ya kikombe cha pili."

Nikakaa. Nikamuambia: "Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unadanganya sisimizi."

Akafunga kopo la siraji, akaliweka fasi yake. Akasema: "Mimi sikudanganya mutu. Wewe ulikuwa unauliza sisimizi. Mimi sikuulizwa."

Ni kweli sikumuuliza. Nilikuwa naamuka, naangalia jiwe, narudi na kikombe. Hata siku moja sikusema, Papa Aksanti, unajisikia namna gani.

Nikamuambia avue kiatu. Safari hii alivua. Soksi ilikuwa imeshikana na kidonda. Mengine sitaandika, uko mutoto.

Kwa kuwa gari halifiki kwetu, tulimuweka juu ya chukudu ya muuza makala, ile baiskeli yake ya mbao, mimi nyuma nashika muguu, Mama Fatouma mbele anafukuza watu. Papa wako alikuwa amevaa koti. Kwa santre, mashine ya Darius haikutoa hata namba, iliandika kama imeshindwa. Darius hakutugombeza. Ningependa atugombeze. Alitupeleka yeye mwenyewe kwa ospitali kubwa.

Walimukata vidole viwili. Ile sindano ya sukari wanamupiga kila siku. Mbele ya kumukata, papa wako aliuliza munganga kama ataweza bado kuvaa viatu vya kufunga. Munganga akasema: "Muzee, tuhangaikie muguu kwanza."

Nilirudi nyumbani kuchukua mashuka, nikashika panga nikakate ule mubirizi. Nikakata tawi moja. Kisha nikaona ni ujinga, nikarudisha panga.

Usilie sana, utagonjwa. Papa wako anakusalimia sana sana.

Nabintu


Bukavu, Novisiati, tarehe 14 mwezi wa tisa 2025

Mama yangu,

Nimeomba, na Mama Superiere amenipa wiki moja nije kumuona Papa. Neno moja tu kutoka kwenu, nitapanda boti.

Kwa huyu Ridhwani utapata mufuko mudogo. Ni mashine ya kupima damu, ya zamani, na karatasi zake. Sista Bulonza aliitoa kwa kabati, akanipa bila kusema kitu, kisha akarudi akasema: "Mubirizi wasiukate. Muti haukufanya kosa." Kikombe kidogo, kama mwenyewe anataka, na sindano na vidonge vyake kila siku, na Darius ajue kila kitu. Mufundishe Papa atumie mashine yeye mwenyewe. Anapenda vitu vyenye namba.

Nadhiri zitakuwa tarehe nane ya mwezi wa kumi na mbili. Kwa desturi ya huku, baba na mama wanamushika binti mukono, huku na huku, wanamusindikiza mupaka kwa altari. Kama baba hayupo, sakristani, yule anayetunza kanisa, anashika upande wake. Sakristani wetu ni mutu mwema. Nimekwisha kuzoea hilo wazo.

Si kweli. Sijazoea.

Na kuna kitu kimoja nataka kukuomba, usikasirike. Usiniandikie tena salamu za Papa. Nimezisoma zote tangu niliingia huku. Mambo ya kweli unayaandika mara moja tu: kuku alikufa, kolera imeingia, mvua ilinyesha. Salamu za Papa peke yake ndizo unaandika "sana sana". Ninajua ulizitoa kwa roho yako. Lakini afadhali sasa uniachie nafasi wazi.

Mutoto wako,
Aksanti


Goma, Keshero, tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 2025

Aksanti mutoto wangu,

Mvua imenyesha. Mama Fatouma amejifungua mutoto mwanamuke, wamemuita Faida, analia kama mutu mukubwa. Sisi tuko nyumbani.

Nilichelewa kukuandikia sababu nilikuwa naogopa kalamu. Kila nikifika kwa zile salamu mukono unataka kwenda wenyewe.

Kwanza ile wiki uliyopewa. Nilimusomea papa wako. Akasema usikuje. Akasema: "Asiache kazi yake sababu ya vidole." Haya ni maneno yake, sikuyatengeneza.

Mashine ilifika. Siku ya kwanza alisema ni ya kitoto. Siku ya pili nilimukuta amevaa miwani, amenyoosha kidole kwa taulo, anasoma namba kwa sauti kama wakati wa ofisi. Sasa mimi sigusi. Akimaliza ananiita: "Mama Aksanti, andika kichwani." Namba zimeteremuka. Darius amesema si mbaya, na papa wako amesema yule kijana amekua.

Ule mubirizi, nilikaa siku mingi bila kuuchemusha. Kisha asubuhi moja nikamuuliza: "Papa Aksanti, unautaka ao hautaki?" Akasema: "Nusu kikombe." Darius anajua. Tangu siku ile namuuliza kila asubuhi, na kila asubuhi anafikiri kama vile ni swali jipya. Kuna siku anasema hapana, nakunywa mimi. Kumbe ni muchungu kabisa. Betri ya radio ni kweli.

Lile jiwe bado naliangalia, sitakudanganya. Sisimizi wanapita mumoja mumoja. Siwaulizi kitu.

Sasa viatu. Munganga alisema sapatu ya wazi mupaka kidonda kifunge, na kimefunga. Wiki iliyopita papa wako alichukua kile kiatu cha kushoto, akakifunga kwa gazeti, akaniambia tuende Birere kwa fundi. Nikakaa pembeni nikasikiliza. Akamuambia fundi akipanue ubavuni, na mbele asikate. Fundi akasema: "Muzee, mbele kutabaki nafasi bure." Papa wako akasema: "Nitaweka pamba. Vile vidole havipo, lakini hakuna sababu ya kutangaza."

Kila mangaribi anavivaa vyote viwili, anatembea kutoka kwa mulango mupaka kwa mubirizi, na kurudi. Jana Mama Fatouma alimuuliza kupitia ukuta: "Muzee, hivyo viatu vinakwenda wapi?"

Akasema: "Nina binti wa kusindikiza."

Mama Fatouma akasema: "Na mbuzi je, ilifika?"

Papa wako akatembea kwanza mupaka kwa muti. Akarudi. Akasema: "Mwenye kumuchukua ananijua. Tutaongea."

Ridhwani ametuwekea fasi mbili kwa boti, tarehe tano. Umuambie sakristani apumuzike. Upande wa kushoto uuache kwa papa wako, sababu anaegemea kidogo, na hataki ionekane kama ni yeye anashikwa. Triko ya kijani uivae hata siku ile. Nitaiangalia.

Mama yako,
Nabintu

Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha. Papa wako ameniambia niifungue, kuna neno limebaki. Nikaliandika. Akataka nimusomee, aone kama sikuongeza.

Papa wako anakusalimia.